Kumtambua samaki klauni katika familia ya damseli
Anza na pua: samaki wa familia hii, Pomacentridae, kwa kawaida ana tundu moja kila upande, si mawili kama samaki wengi. Kisha tazama magamba. Klauni, jenasi Amphiprion, ana magamba madogo, zaidi ya 50 kwa mstari ubavuni, na vifuniko vya mashavu vyenye meno kama msumeno.

Usimtambue kwa kuishi ndani ya anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma) tu: makinda wa Dascyllus trimaculatus, weusi wenye madoa meupe, hujificha humo pia. Rangi nayo hudanganya. Klauni wa spishi mbili, A. ocellaris na A. percula (A. ni Amphiprion), hufanana mno, basi hesabu miiba ya pezi la mgongoni: wa kwanza huwa na 11, wa pili 10. Rudia kuhesabu, mwiba wa mbele ni mfupi, hurukwa kirahisi.