Jinsi ya Kuwapeleka Wanafunzi Kutazama Igizo la Watoto Ukumbini

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wa shule ya msingi kutazama igizo katika ukumbi wa Kenya National Theatre jijini Nairobi huwa na hofu mbili: kwamba mtoto atapotea, na kwamba watoto watapiga kelele. Hofu ya kwanza ni ya haki, na dawa yake ni mpango mzuri. Ya pili ndiyo inayoharibu ziara nyingi, kwa maana mwalimu akiingia ukumbini akiwa na nia ya kuwanyamazisha wanafunzi, atakuwa amewanyima kile hasa walichokilipia.

Chagua igizo kwanza, tarehe ifuate. Ukiweza, litazame mwenyewe kabla ya kulipa. Ikishindikana, waombe wenye kundi la maigizo muswada au angalau muhtasari, na uwaulize linachukua muda gani, limekusudiwa watoto wa umri gani na linatumia lugha ipi. Maigizo ya vitabu teule vya fasihi, ambayo makundi huyazungusha kwa ajili ya shule za upili, hayawafai watoto wa Gredi ya 3, hata mwenye kundi akikuhakikishia kwamba kila mtu hucheka. Kwa gredi za chini, igizo lisizidi saa moja. Wale wa Gredi ya 5 na ya 6 wanaweza kustahimili zaidi kidogo, hasa pakiwa na nyimbo na ngoma. Watoto wa chekechea, kwa maoni yangu, waletewe waigizaji shuleni, kwa sababu safari yenyewe huwachosha kiasi kwamba taa zikizimwa tu, wanalala.

Panga ziara katika muhula wa kwanza au wa pili, kwani wa tatu humezwa na mitihani. Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipatikane kabla ya kuwaandikia wazazi, na barua ya wazazi itaje gharama yote kwa pamoja, yaani kiingilio, nauli na chakula, pamoja na saa ya kurudi. Liombe kundi la maigizo liwaruhusu walimu kuingia bure na kutoa nafasi chache kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Ombi hilo si geni kwao. Majina ya watoto hao yabaki kwa mwalimu mmoja tu.

Onyesho likianza saa nne asubuhi, hesabu safari yako ukirudi nyuma, ukikumbuka jinsi magari yanavyokwama Waiyaki Way na Thika Road, na ulenge kufika dakika 45 kabla. Ukumbi uko katika Barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk na jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali ambapo magari hayakosi. Dereva aambiwe mapema atakapowashushia watoto na atakapoegesha basi, ili asiwepo mtoto wa kuvuka barabara. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watoto wanane hadi kumi, kila kikundi na mtu mzima mmoja ambaye hatabadilishwa hadi mtarudi shuleni, na wahesabiwe kila wanapovuka mlango: wa basi, wa ukumbi, wa msalani. Kila mtoto avae kadi yenye jina la shule na nambari ya simu ya mwalimu, lakini jina lake mwenyewe lisiandikwe mahali ambapo mgeni anaweza kulisoma na kumwita nalo. Walimu wengi hushawishika kuongeza Makumbusho ya Kitaifa kwenye ratiba, kwa kuwa hayako mbali. Mimi ningeyaachia siku nyingine, kwani watoto waliokwisha kuzunguka makumbusho huingia ukumbini wakiwa hoi.

Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyika darasani wiki moja kabla. Watoto wengi wa leo wameijua hadithi kupitia televisheni na simu, na kioo hakijali kama unakitazama au unapigana na jirani yako. Waeleze kwamba mtu aliye jukwaani anawasikia, kwamba kicheko chao humpa nguvu na kunong'ona kwao humtoa katika maneno yake. Kisha wakumbushe kwamba kutazama namna hii si jambo geni kwetu. Simama mbele ya darasa na uite, "Paukwa!" Wataitika, "Pakawa!" Endelea, "Sahani!" Watajibu, "Ya mchele!" Hapo waulize kwa nini hakuna aliyeitika kabla hujaita, wala aliyeendelea kuitika baada ya hadithi kuanza. Mtoto akilielewa hilo, amekwisha kuelewa adabu za ukumbini, nawe hutahitaji kumkodolea macho kutoka upande wa pili wa safu.

Mwulize mwongozaji wa igizo ni wapi watazamaji wanatarajiwa kushiriki. Sungura akiwauliza watoto Fisi amejificha wapi, na mwalimu akawa amewaamuru wafunge midomo, swali linaning'inia hewani na mwigizaji anabaki akihangaika. Usiwasimulie wanafunzi hadithi nzima. Wape mwanzo wake na majina ya wahusika, uwaachie mwisho waukute huko. Mambo yanayotisha, kwa upande mwingine, yasiwe siri: waambie kwamba taa zitazimwa, kwamba ngoma italia ghafla, na kwamba ndani ya kinyago cha Fisi mna mtu. Hata baada ya maelezo hayo, mtoto mmoja atamshika mwalimu mkono kwa nguvu Fisi anaposhuka jukwaani kuja katikati ya viti, na hilo si tatizo.

Ukumbini, wafupi wakae mbele na walimu wajigawe kwenye ncha za safu. Walimu wakikaa pamoja nyuma, hugeuka kuwa watazamaji wa simu zao. Mtoto anayesumbuliwa na kelele au mwanga mkali aketi karibu na njia ya kutokea, na anayetumia kiti cha magurudumu atafutiwe nafasi kwa mazungumzo na wenye ukumbi siku kadhaa kabla, si mlangoni. Wanafunzi viziwi wanahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambaye atasimama mahali penye mwanga hata taa za ukumbi zikizimwa. Wote wapelekwe msalani kabla ya kuketi. Kripsi na biskuti zibaki kwenye basi, kwa sababu karatasi zake zikianza kulia mikononi mwa watoto mia moja, hakuna mwigizaji atakayezishinda.

Omba dakika 15 za maswali baada ya onyesho, waigizaji wakiwa bado ndani ya maleba yao. Watoto hawaulizi kuhusu dhamira. Watauliza damu ile ilikuwa nini, Sungura alipitia wapi alipotoweka, na kama Fisi amemsamehe Sungura. Maswali hayo yasikatizwe na mwalimu anayetaka ya "maana zaidi", kwani ndiyo mlango wa kuelewa jinsi sanaa inavyotengenezwa.

Siku inayofuata, usiwaagize waandike insha ya "Ziara Yetu". Wagawe wawili wawili, waigize tena kisa kimoja walichokipenda bila maleba wala vifaa, kisha wengine waeleze wameona tofauti gani na walichokiona jukwaani. Wanaopenda kuchora wachore, na michoro michache itumwe kwa kundi la maigizo pamoja na barua fupi ya shukrani inayotaja pia mahali ambapo watoto walichoka au hawakusikia vizuri. Wazazi nao wapewe hesabu ya fedha zilizochangwa, na chenji, kama ipo, warudishiwe wiki hiyo hiyo.