Somo: Kadi ya mpiga kura unayo, lakini mtaani kwako jina lako limo?

Shimbonyi, ndugu zangu wa Moshi na wa pande zote. Somo hili niliwaahidi siku nyingi, likacheleweshwa na msiba wa Uru. Leo tulimalize.

Novemba 27, 2024, siku ya kura za mitaa, nilikuwa kwenye foleni ya kituo kimoja hapa Manispaa. Mbele yangu alisimama kijana wa bodaboda, kofia ngumu kwapani, kadi ya mpiga kura mkononi. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akafunua ukurasa wa pili, hakuna. Kijana akaibandika kadi mezani: "Picha si yangu hii?" Picha ilikuwa yake kabisa. Tatizo ni kwamba uchaguzi wa siku ile haukuwa wa kadi ile. Akawasha pikipiki akarudi kijiweni, na nina hakika mpaka leo anaamini alifanyiwa fitina.

Wengi wetu tunachanganya chaguzi mbili ambazo kila moja ina wenyewe na ina daftari lake.

Wa kwanza ni ule tunaouita uchaguzi wa serikali za mitaa. Unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hapa mjini tunachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ukipanda Kibosho, Uru au Old Moshi, ambako ni Halmashauri ya Wilaya, watu huchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Ulifanyika 2014, 2019 na 2024, na kwa mwendo huo wa miaka mitano mitano unaofuata ni 2029.

Wa pili ni uchaguzi mkuu, unaosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mara ya mwisho ulikuwa Oktoba 29, 2025. Humo ndimo anamochaguliwa diwani wa kata, pamoja na mbunge na rais. Ndiyo, diwani, ingawa kazi yake ni ya halmashauri. Kata zetu za Manispaa ni 21 na kila moja ina diwani wake wa kuchaguliwa. Meya hayumo kwenye karatasi yetu kabisa: huyo huchaguliwa na madiwani wenyewe wakishakaa. Kwa hiyo anayekuambia "nipe kura niwe meya" anaruka ngazi moja.

Mwaka 2024 uliwachanganya watu zaidi kwa sababu Oktoba tuliandikishwa kwa ajili ya mtaa, halafu Desemba tume ikaja huku kwetu kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mtu aliyejiandikisha mara moja akaona kamaliza yote.

Sasa tushike hatua, za mtaa kwanza maana ndizo zinazowaangusha wengi.

Hatua ya kwanza: jipime kama una sifa. Uwe raia wa Tanzania, uwe na miaka 18 au zaidi, uwe na akili timamu, na uwe mkazi wa mtaa huo. Hizo tatu za mwanzo hazina mjadala mrefu. Ugomvi wote uko kwenye ukazi.

Sisi watu wa mlimani tuna ugonjwa mmoja. Mtu amepanga Pasua miaka kumi na miwili, watoto wanasoma Pasua, takataka zake zinazolewa Pasua, lakini ukimuuliza kwake ni wapi anakujibu "Kibosho", kwa sababu kihamba, shamba la ukoo, kiko huko na mababu wamezikwa kwenye migomba. Hilo ni jibu zuri kwenye mbege na kwenye posa, ila kwenye kura za mtaa swali ni unalala wapi. Kihamba hakikupi ukazi. Mwenyekiti atakayekugongea mhuri wa barua na atakayeitwa ukivunjiwa mlango usiku ni wa Pasua, basi huko ndiko pa kujiandikisha. Kama kweli unaishi Kibosho na mjini unashuka asubuhi kufungua kibanda Soko la Mbuyuni, jiandikishe Kibosho. Mara mbili hairuhusiwi.

Na usisahau mipaka. Kuna watu wanaishi pembezoni mwa mji wakidhani wako Manispaa kumbe wako kijijini, na wengine kinyume chake. Muulize balozi wako au mtendaji kabla ya siku zenyewe, usije ukapanga foleni isiyo yako.

Hatua ya pili: jiandikishe ndani ya siku zilizotangazwa. Mwaka 2024 zilikuwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20, vituo vikifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Zikiisha zimeisha. Unafika kituoni mwenyewe, unataja jina, umri, unaandikwa kwenye kitabu, unatia sahihi au dole gumba. Hupigwi picha wala hupewi kadi. Hapo ndipo watu walipokosea, kwani mtu akiondoka mikono mitupu anaona kama hakuandikishwa, na mwenye kadi ya zamani anaona hana haja ya kwenda. Mtaani walikuwa wanaliita "daftari la mkazi". Nalipenda jina hilo kuliko la kwenye makaratasi, linajieleza lenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba taja jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba siku ya kura. Ukiandikishwa "Baba Glory" kwa kuwa karani ni jirani yako, utajisumbua.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa na karibu kila mtu. Baada ya kuandikisha, orodha hubandikwa hadharani ili wakazi waikague. Nenda. Dakika tano. Angalia jina limo, herufi ziko sawa. Hapo pia ndipo mkazi anapoweza kuweka pingamizi akiona jina la mtu asiyeishi mtaani. Kama yule kijana angepita ubaoni siku zile angejua mapema kwamba hayumo, ingawa siku za kuandikishwa zingekuwa zimepita. Kuhusu marehemu kuonekana kwenye orodha, njia ya kulalamika ni hiyo na muda wake ni huo, si kusubiri matokeo ndipo tuanze kusimuliana kijiweni.

Hatua ya nne ni siku yenyewe. Mwaka 2024 vituo vya mtaa vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Beba kitambulisho: cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti, kadi ya bima ya afya, cha kazi au cha chuo. Mnaona kadi ya mpiga kura ilivyo hapo? Inafanya kazi ya kuonyesha sura yako, basi. Wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu wanatangulizwa, msinung'unike.

Ukishaonekana kwenye orodha unapewa karatasi za kura: ya mwenyekiti, na za wajumbe, ambao wako kundi la mchanganyiko (wanaume na wanawake) na kundi la wanawake. Ingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura, peke yako. Weka alama ya vema kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka, kunja, tumbukiza kwenye sanduku. Usiandike jina lako, usichore moyo, usiandike salamu. Ukikosea kabla hujatumbukiza, usifutefute, mwambie msimamizi wa kituo. Kisha unapakwa wino kidoleni na unakwenda zako. Simu iache mfukoni. Ya kupiga picha karatasi ili umthibitishie mtu aliyekupa "chai", yaani rushwa, sitaki hata kuisikia.

Kwa diwani, njia ni ya tume: ujiandikishe kwenye Daftari la Kudumu, upewe kadi, na ukihama kata uhamishe taarifa zako wakati wa uboreshaji. Vituo vya uchaguzi mkuu hufunguliwa mapema zaidi, saa 1:00 asubuhi.

Tarehe hizi za 2024 nimezitaja mpate picha. Kanuni za uchaguzi wa mitaa hutolewa upya kila mara, kwa hiyo 2029 sikilizeni tangazo la waziri.

Maswali ya wanachama wa kundi hili

Mama Doreen, Majengo: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu atatimiza miaka 18 wiki moja kabla ya uchaguzi, lakini siku ya kuandikishwa atakuwa bado ana 17. Wamkatae?

Marahaba mama. Kinachotazamwa ni umri siku ya kupiga kura. Aende, na abebe cheti cha kuzaliwa ili karani asipate cha kubishania.

Mangi wa Kiboriloni: Mke wangu ni wa Taveta, Kenya, tumefunga ndoa kanisani hapa, watoto watatu. Jirani anasema akiolewa Tanzania keshakuwa Mtanzania.

Mangi, jirani yako ni mkarimu kuliko sheria. Ndoa inampa mke njia ya kuomba uraia, haimpi uraia wenyewe. Mpaka aombe, akubaliwe na apewe cheti, hapigi kura ya mtaa wala ya diwani. Na akipewa itabidi auache wa Kenya, maana huku mtu mzima hashiki viwili. Mjadiliane nyumbani vizuri, mama mkwe asije akasikia kwa watu.

Mpagazi wa Machame: Kaka, siku ya kura naweza kuwa kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, na wageni. Naweza kumwachia mdogo wangu kadi anipigie?

Hapana, mdogo wangu. Hakuna kupigiwa kura na mtu mwingine, na huku hakuna kura ya posta. Njia ya Machame inakula siku sita saba, kwa hiyo tarehe ikitangazwa tu ongea na kampuni yako mapema wakupange safari ya kabla au baada. Novemba wageni si wengi kama Agosti, unaweza kufanikiwa. Najua ni siku za ujira unazitoa. Hesabu hiyo uifanye wewe.

Dada wa hosteli: Mimi ni mwanafunzi, kwetu Singida, nimepanga chumba Rau. Nijiandikishe wapi?

Utakuwa wapi siku ya kura? Kama utakuwa Rau na ndiko unakoishi muda mwingi wa mwaka, jiandikishe Rau. Kama chuo kitakuwa kimefunga na utakuwa Singida, jina lililobaki Rau halitakusaidia kitu.

Mzee wa Korongoni: Kijana, macho yangu hayaoni vizuri. Yule karani anaweza kuniwekea alama?

Shikamoo mzee. Njoo na mtu unayemwamini mwenyewe, mjukuu au jirani, akusaidie. Chagua mtu asiyekuwa na mdomo.

Baba Eliya, Njoro: Nataka kugombea uenyekiti, lakini vyama vyote vimenichosha. Naweza kusimama kivyangu?

Kwa sheria ya sasa hapana, hata kwa mtaa lazima udhaminiwe na chama. Pia uwe umefika miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, una shughuli halali ya kukuingizia kipato, na unaishi Njoro hiyohiyo. Kugombea Njoro huku unalala Shanty Town haipo.

Kaka wa Soweto: Mgombea akiwa mmoja tunaenda kufanya nini kule?

Mnaenda kumpigia NDIYO au HAPANA. Mwaka 2019 wengi walipita bila kupingwa, mkaamka na mwenyekiti bila kuona sanduku. Mwaka 2024 mgombea pekee alipigiwa kura hizo mbili, na sheria ya uchaguzi mkuu ya mwaka huohuo ikaondoa kupita bila kupingwa kwa wabunge na madiwani pia.

Mama wa Memorial, nauza mitumba: Niseme ukweli mwalimu. Matokeo ya 2024 yalitangazwa chama kimoja kimechukua asilimia 99 na ushee. Wagombea wa wengine walienguliwa mapema, tuliona. Sasa mimi nifunge meza yangu siku nzima kwa ajili gani?

Dada, swali lako nimelisoma mara tatu. Malalamiko ya kuenguliwa yalikuwepo 2019, yakawepo tena 2024, sitakuambia hukuona ulichokiona. Nitakuambia ninachokijua cha mtaani. Barua ya utambulisho ya mkopo wako wa kikundi, dhamana ya kijana wako akikamatwa, shahidi wa kuuziana kiwanja, yote hupita kwa mwenyekiti. Ndani ya chama hichohicho kuna anayefungua ofisi na anayegonga mhuri kwa "soda". Mchujo wa hao mara nyingi huwa kwenye kura za maoni za chama, nawe kama si mwanachama hufiki huko. Ila kuna mlango mwingine, nao ni mkutano mkuu wa mtaa. Kila mkazi mwenye miaka 18 anaingia, na huko unaweza kusimama ukadai usomewe mapato na matumizi. Ukifunga meza kwa saa mbili siku moja, mimi ningekuomba uifunge ya mkutano huo kwanza. Ya kura uamue mwenyewe.

Mama wa Memorial: Na mkutano wenyewe haujaitishwa tangu mwaka jana.

Basi andikeni barua, wakazi kumi hivi, majina na sahihi, mpelekeeni mtendaji wa mtaa na nakala kwa mtendaji wa kata. Mtendaji ni mwajiriwa, hachaguliwi, kwa hiyo hana kisingizio cha kampeni. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Nikirudi Jumamosi nitawawekea mfano wa barua hiyo hapa.