Soya ya kulungu: waya kwanza, mbegu baadaye
Ndugu zangu mnaowinda kulungu huko Marekani, ukipanda soya ya malisho ya kuwavutia kulungu kwenye kishamba cha robo ekari bila uzio, umewaandalia karamu ya siku chache tu. Kulungu hung'ata mche chini ya yale majani mawili manene ya mwanzo, na ukikatwa hapo hauchipui tena. Zungushia waya wa umeme mpaka soya ifike magotini, ndipo ufungue. Panda Mei, udongo ukishapata joto, kina cha sentimita 2 hadi 3. Mbegu zilowanishe kidogo, changanya na unga wa bakteria wa soya kivulini, upande siku hiyohiyo, jua huwaua bakteria hao. Mbolea ya naitrojeni? Okoa hela yako, bakteria hao huipatia soya naitrojeni.