Mahojiano ya kujiunga na MBA (shahada ya uzamili ya biashara): taja sababu ya kila hatua
Ukiulizwa kuhusu safari yako ya kazi, usikariri wasifu kazi. Tumia dakika mbili, na kila ulipohama taja sababu: "Nilitoka kaunta ya Sacco pale Kisumu nikaingia idara ya mikopo, nikitaka kujua kwa nini wavuvi wa Dunga wananyimwa mikopo." Anayekuhoji ana tarehe na vyeo mezani, asichojua ni jinsi unavyoamua. Akiwa ng'ambo, mweleze Sacco kwa nusu sentensi. Jirekodi kwa simu. Ukipitisha muda, habari za shule ya upili ndizo za kukatwa kwanza. Chuo cha Harvard mbinu hii haitoshi: huko anayekuhoji ameshasoma ombi lako lote, atachimba uamuzi mmoja mmoja, basi uwe na mfano wa kila mmoja.