Anza na nguo: namna ya kuiona siasa ndani ya kipindi cha runinga

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisauni, Mombasa. Runinga yangu iko ukutani juu ya meza ya kukatia, na haizimwi mpaka nifunge duka. Wateja wanaongoja kupunguziwa buibui au kutiwa zipu hubishana kuhusu vipindi kutwa, na ubishi huishia kwenye "kitamu" au "kibovu". Hapo hujasema kitu. Ukitaka maoni yako yasikizwe, chukua daftari na kalamu, ufanye hivi.

Anza na nguo. Kuna mtu aliyekaa akaamua huyu avae tai na yule avae kandambili, kwa hiyo tafuta aliwaza nini. Chukua Papa Shirandula, kile kipindi cha kituo cha Citizen cha marehemu Charles Bukeko. Papa ni soja, yaani mlinzi, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi ya ofisini. Watu walicheka miaka na miaka. Mimi nina mteja, baba wa makamo, aliyeniletea koti moja mara tatu: mara bitana imechanika, mara kola imelika nikaigeuza, mara kifungo. Siku ya tatu ndipo akaniambia kwamba koti hilo hutoka nalo nyumbani, akifika kazini analikunja ndani ya mkoba na kuvaa sare ya ulinzi. Koti halijawahi kuingia ofisi yoyote. Basi kipindi kisichotaja mbunge wala waziri kinauliza mbona mtu akeshe akilinda mali ya wengine na bado aione aibu kazi yake. Mshahara na heshima ya mfanyakazi ni siasa. Andika: kicheko hiki kinamwangukia nani?

Kisha fumba macho dakika tano usikilize lafudhi. Vioja Mahakamani, kipindi cha tangu enzi za Sauti ya Kenya, kituo cha serikali ambacho sasa ni KBC, kimejengwa hapo: mshtakiwa anapanda kizimbani na Kiswahili cha kwao, na watu wanacheka kabla hajajitetea. Gawa ukurasa mara mbili, huku lafudhi, huku kazi au kosa alilopewa mwenye lafudhi hiyo. Jaza wiki nne. Ukiona mwizi ni wa kwao fulani kila mara, soja wa kwao fulani kila mara, na bosi anaongea Kiingereza tu, umepata hoja yenye ushahidi. Utani wa makabila ni mtamu watu wakiwa mezani pamoja, lakini mwanzo wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kabila lako, kwenye kizuizi cha barabarani, lilikuwa suala la uhai. Tangu hapo mimi huhesabu.

Na sisi wa Pwani tujihesabu pia. Mara ngapi umeona Mpwani wa runinga ambaye si mvivu, si mganga, wala si mwenye maneno matamu asiye na kazi? Utaona wamemvika kanzu inayokomea chini kidogo ya magoti. Kanzu hushonwa ifike kwenye vifundo vya miguu. Aliyemvika hakumuuliza fundi hata mmoja. Asiyejali pindo la nguo yangu sitarajii ajali neno langu.

Vipindi vya kuiga viongozi ni rahisi zaidi, ila andika mwaka. Vijana watatu wa kipindi cha Redykyulass walimwiga Rais Moi angali Ikulu, na hilo lilitaka moyo. The XYZ Show, ile ya vikaragosi iliyoanzishwa na mchora katuni Gado, ilianza 2009, Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga wakiwa wamegawana serikali. Angalia kama pande zote za madaraka zinaguswa au mmoja tu.

Usisahau kisichoonyeshwa. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018, Raila, akiwa upinzani, alipokula kiapo cha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, serikali ilizima vituo vya Citizen, NTV na KTN News. Nilibonyeza rimoti hadi kidole kikauma. Dukani walikuwamo wa pande zote mbili, na wote walinyamaza, kila mmoja akatoa simu yake.

Ukishamaliza kuandika, usikimbilie kusema. Tazama angalau sehemu tatu nzima, ueleze kwanza ulichokiona, ndipo utoe hukumu. Na kabla ya hapo kamuulize yule anayeigizwa: soja, mfanyakazi wa nyumbani, mama mboga.

Yule baba wa koti nilimuuliza anaionaje Papa Shirandula. Akasema alikuwa haikosi, akiitazama kwenye kibanda cha chai karibu na lango analolinda. Nyumbani hakuiwasha hata siku moja.