Nguvu baina ya Molekuli na Tabia za Vimiminika: Somo la Hatua kwa Hatua

Somo hili limeandaliwa kwa wanafunzi wa sekondari wa hapa Malindi, na kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini maji, mafuta ya nazi na spiriti, vyote vikiwa vimiminika, havitendi sawa. Tayarisha sarafu ya shilingi 10, kichupa cha kudondoshea matone, maji safi, spiriti ya kusafishia vidonda, sabuni ya maji na kijiti cha meno. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo iwekwe mbali na jiko.

Hatua ya kwanza: tenganisha aina mbili za mshikamano

Ndani ya molekuli ya maji, atomu ya oksijeni imefungamana na atomu mbili za hidrojeni kwa kushirikiana elektroni. Kifungo hicho ni kikali, na kukivunja huhitaji takriban kilojuli 460 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya chembe). Baina ya molekuli moja na jirani yake kuna mvuto mwingine, ulio dhaifu zaidi, ambao katika maji ni kama kilojuli 20 tu kwa moli. Birika linapochemka, mvuto unaoshindwa ni huu wa pili. Mvuke unaotoka ni maji yale yale, wala si hidrojeni na oksijeni zilizoachana. Asiyelishika jambo hili atababaika katika kila swali la mada hii, kwa hiyo naomba usiendelee mpaka likukae sawasawa.

Hatua ya pili: jiulize ni mvuto gani unaohusika

Mholanzi Johannes Diderik van der Waals alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1873 kwamba molekuli za gesi na za vimiminika huvutana, na mwaka 1930 mwanafizikia Fritz London akaeleza chanzo cha mvuto ulio katika molekuli zote bila kubagua. Elektroni hazitulii, kwa kitambo kidogo mno hurundikana upande mmoja wa molekuli, upande huo ukawa na chaji hasi, nayo molekuli jirani ikaathirika na kuvutwa. Kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi ndivyo mvuto unavyozidi, na ndiyo maana, katika joto la kawaida, klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, na iodini ni yabisi.

Molekuli ambazo daima zina upande chanya na upande hasi huongeza mvuto wa pili juu ya huo. Wa tatu, ulio mkubwa kuliko hiyo miwili kwa molekuli ndogo, ni kifungo cha hidrojeni, ambacho hutokea pale hidrojeni iliyoshikana na nitrojeni, oksijeni au florini inapovutwa na atomu kama hizo za molekuli jirani. Linganisha ethanoli na dimethili etha: zote zina kaboni 2, hidrojeni 6 na oksijeni 1, lakini ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na etha hiyo kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Tofauti ni kwamba katika ethanoli hidrojeni moja imeshikana na oksijeni, na katika etha hakuna hata moja. Sijui mfano unaoieleza mada hii vizuri kuliko huo.

Hatua ya tatu: utazame mvutano wa uso

Weka sarafu mezani, kisha udondoshee maji tone baada ya tone, polepole. Maji hayatamwagika yakifika ukingoni, bali yatainuka na kufanya mgongo juu ya sarafu, na ukiinamisha macho usawa wa meza utauona mgongo huo ukitetemeka kila tone linapoongezwa. Molekuli iliyo ndani ya maji huvutwa pande zote, ilhali iliyo usoni haina jirani juu yake, hivyo huvutwa zaidi kuelekea ndani, na uso wote hujikaza ili uwe mdogo iwezekanavyo. Sasa chovya kijiti katika sabuni, uguse mgongo huo: utaporomoka papo hapo, kwa kuwa molekuli za sabuni hujipanga usoni na kuulegeza mvutano.

Ikaushe sarafu vizuri, urudie kwa spiriti. Itasambaa na kumwagika mapema, maana mvutano wa uso wa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita, na wa ethanoli, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa ya spiriti, ni kama 22.

Hatua ya nne: mnato na uvukizaji

Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Mvuto ukizidi, au molekuli zikiwa ndefu za kunasana, mnato huongezeka. Joto likipanda, hupungua. Uvukizaji, yaani kimiminika kugeuka mvuke, hufuata kanuni ile ile kwa upande wa pili, yaani mvuto mdogo huleta uvukizaji wa haraka. Tone la spiriti na tone la maji kwenye kigae kimoja yatakuthibitishia.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Kwa nini maji ya mtungi hupoa, na mbona wakati wa masika hayapoi sana?

Marahaba. Maji hupenya vitundu vya udongo na kuvukiza nje ya mtungi. Molekuli zinazofaulu kutoroka ni zile zenye nishati kubwa, na kila gramu inayoondoka huchukua takriban kilojuli 2.4 za joto. Masika hewa imejaa unyevu, molekuli nyingi za mvuke hurudi majini, na faida hupungua.

Mimi niko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji yanaondoka kwa jua, mbona chumvi haiondoki nayo?

Chumvi si molekuli bali ni ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na kloridi, ambazo mvuto wake ni mkubwa mno kuushinda kwa joto la jua. Chumvi kavu huyeyuka kwenye nyuzi 801. Maji yakipungua ioni hukaribiana, hushikana na kufanya fuwele.

Mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani yameganda Nairobi. Je, yameharibika?

Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Nairobi asubuhi hushuka chini ya hapo. Minyororo yake ya kaboni imenyooka na hupangana kwa karibu, hivyo huvutana vyema. Ya mafuta ya alizeti ina mikunjo inayoizuia kukaribiana, kwa hiyo hubaki majimaji.

Assalaam alaykum mwalimu. Hapa Lamu mafundi hupaka mbao za jahazi mafuta ya sifa, yaani mafuta ya papa. Je, yanazuiaje maji?

Wa alaykum salaam. Nyuzi za mbao zina vikundi vingi vya oksijeni na hidrojeni ambavyo hushikana na maji na kuyavuta ndani ya vitundu. Mafuta yakitangulia kuvijaza, maji hukutana na minyororo ya kaboni isiyoweza kushikana nayo kwa kifungo cha hidrojeni, hivyo hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuteremka kwa matone. Jua na mawimbi huyaondoa mafuta hayo kidogo kidogo, ndiyo sababu chombo hupakwa tena kinapopandishwa pwani kutengenezwa.