Kiduha kikiwashinda kwa jembe, jaribuni desmodiamu

Ndugu wakulima wa mahindi, hasa mlio kandokando ya Ziwa Viktoria, kiduha (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, msikipige kwa jembe peke yake. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, wamefanya kazi miaka mingi na njia ya "sukuma-vuta", na mimi naiamini. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa; kuzunguka shamba unapanda mistari mitatu ya mabingobingo (majani ya Napier). Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi; mabingobingo humvuta akatage mayai huko. Uhondo uko chini ya udongo: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazochipuza mbegu za kiduha, kisha zinakizuia kushika mizizi ya mahindi, kikafa njaa. Na kwa kuwa desmodiamu ni jamii ya kunde, inarutubisha ardhi. Ng'ombe nao wanaipenda mno.

Mbegu zake ni ndogo sana. Changanya na mchanga mkavu, mwaga kwenye mfereji wa kina kifupi, fukia kidogo tu. Palilia kwa uangalifu msimu wa kwanza, maana ikiwa changa hufanana na magugu. Msimu wa pili usiing'oe, ipunguze tu.